Jiko jipya, ukuta umejaa makabati: hita utaiweka wapi?

Ukishabomoa ule ukuta wa kati, ukapanga makabati huku na huku, friji ndefu kwenye kona na mlango wa vioo wa kutokea bustanini, ndo unagundua radieta ya zamani, ile hita ya ukutani inayopitisha maji ya moto, haina tena pa kukaa. Mlioko Uingereza kwenye hizi nyumba za matofali za kitambo mnaijua hii, mtu wa makabati kashapima kila sentimita, plamba anauliza hita ikae wapi, mnabaki mnatazamana.

Kabla hujanunua chochote piga hesabu ya joto. Ya haraka haraka ni wati 100 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo jiko la mita 12 linataka kama wati 1,200, na kama kuta hazina insulesheni na vioo ni vingi ongeza, tena bora fundi akupigie hesabu kamili. Usiniambie oveni itasaidia, saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa kwanza nani anaoka?

Mimi kura yangu naipa hita ya chini ya kabati. Pale chini, vidole vya miguu vinapoingia ukisimama kwenye sinki, kuna uwazi wa kama sm 15 uliofunikwa na ubao tu. Humo inaingia hita bapa, maji ya moto ya boila (ule mtambo unaopasha maji ya nyumba) yanapita ndani yake na feni inapuliza joto litoke kwenye wavu wa mbele. Ni kadude kadogo ila kana nguvu, na ukutani hakagusi kitu. Plamba aipe bomba zake mbili za milimita 15 toka laini kuu, siyo zile nyembamba kama mrija wa soda, maana maji yakiwa kidogo utapulizwa vuguvugu msimu mzima. Aweke koki pande zote mbili na hosi za kupinda zenye urefu wa kutosha kuivuta nje bila kung'oa kabati. Feni inataka umeme, swichi yenye fyuzi iwe mahali mkono unafika, siyo nyuma ya mashine ya kufulia, na ukihitaji kugusa boila yenyewe ya gesi basi ni fundi aliyesajiliwa Gas Safe tu, yaani daftari rasmi la mafundi gesi la Uingereza. Usiiweke chini ya friji, jamani.

Ukiwasha ikakaa kimya usishtuke, ndani kuna kathamostati kanaizuia feni mpaka maji yapate moto. Ila kama boila umeishusha joto la maji yake, au unatumia pampu ya joto (mtambo wa umeme unaopasha maji kwa joto la nje badala ya gesi), ulizia ile ya maji ya joto la chini, la sivyo feni inaweza isiwake kabisa. Na kelele ipo, isikilize dukani kwanza kama jiko limeungana na sebule.

Radieta ndefu ya kusimama nayo inafaa kama una kipande cha ukuta cha sm 50 pembeni ya mlango. Angalia tu, wati zilizoandikwa kwenye boksi kwa kawaida zimepimwa radieta ikiwa na nyuzi 50 juu ya joto la chumba, sasa ukiendesha boila kwenye nyuzi 55 unapata kama nusu yake.

Mkeka wa umeme chini ya taili ni raha ya miguu, hilo sibishi, lakini hautandikwi chini ya makabati, kwa hiyo kama sakafu iliyobaki ni mita 6, kwa wati 150 kila mita unapata 900, haitoshi. Halafu umeme huku bei yake kwa yuniti ni karibu mara nne ya gesi. Weka kama nyongeza, na chini yake zilale bodi za insulesheni, bila hizo unaipasha zege.

Ile hita ya chini ya kabati inavuta vumbi, unga na nywele za paka. Mwezi wa tisa zima swichi, toa wavu, pitisha vakyumu.