Kijana anayetaka farasi Mombasa aanzie kwenye ndoo

Kila likizo ya Agosti na Disemba hunijia vijana wawili watatu wanaotaka kufundishwa farasi. Wamewaona ufuoni Nyali au Bamburi wakipita na watalii mgongoni, na roho imewaingia. Swali lao la kwanza huwa lile lile: "Nitapanda lini?" Jawabu langu nalo halibadiliki: siku utakayoweza kuniambia asubuhi, bila kuulizwa, huyu farasi tangu jana jioni amekunywa ndoo ngapi na amekunya mara ngapi. Wengine huaga hapo hapo. Wanaobaki ndio ninaowaandikia, pamoja na wazazi wao, kwa maana mzazi ndiye anayenunua viatu.

Mwanzo ujue kwamba farasi wa Mombasa yuko ugenini. Mengi yanayofundishwa juu ya farasi yametoka nchi za baridi zenye malisho ya majani mabichi. Hapa kwetu ana joto, unyevu, mchanga, maji ya kisima yenye chumvi na usubi, wale wadudu wadogo wanaouma jua likizama. Kijana akiyaelewa hayo matano, ameshampita mpanda farasi mwenye buti zinazong'aa asiyejua mnyama wake amekula nini.

Tuanze na maji. Farasi mzima hunywa lita 25 hadi 50 kwa siku, na wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, hata zaidi ikiwa anafanya kazi. Kwa kipimo cha nyumbani, mtungi wa lita 20 hautoshi, na miwili pengine isitoshe. Ndoo ichorewe mistari kwa rangi ili usikisie. Maji ya kisima yaonje wewe mwenyewe kwanza; yakikukera ulimi, naye atakunywa kidogo kidogo tu, na farasi anayekunywa kidogo huku anakula nyasi kavu anajitafutia maumivu ya tumbo. Ajabu ni kwamba papo hapo anahitaji chumvi, maana jasho humtoka na chumvi nyingi. Muwekee jiwe la chumvi pembeni, alambe mwenyewe akitaka.

Kuna kijana mmoja wa Kisauni aliyekuwa akiandika kila kitu kwenye daftari la shule. Siku ya kumi na mbili aliandika hivi: "Leo maji nusu mtungi. Mavi mara tatu tu." Farasi wa kawaida hunya mara nane hadi kumi na mbili kwa siku. Farasi yule alikuwa amesimama vizuri, hajalala wala hajagaagaa, na mtu mzima angempita asimwangalie. Tulimwita daktari wa mifugo kabla ya adhuhuri, akakuta utumbo umeanza kuziba. Daftari la shilingi chache liliona kabla ya macho yetu sote.

Kuziba huko Pwani mara nyingi huwa na mkono wa mchanga. Ukimwagia farasi nyasi chini, kila tonge analookota lina punje zake, nazo hutulia utumboni kama zinavyotulia chini ya mtungi. Kipimo chake hakina gharama. Chukua mabonge matano au sita ya mavi ya asubuhi, yale ya juu ambayo hayajagusa ardhi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, kwa hiyo kata shingo ya chupa kubwa ya maji inayopenya mwanga. Tia mavi, jaza maji, vuruga mpaka mabonge yasambaratike, kisha iache itulie dakika ishirini. Inamisha chupa polepole utazame chini. Ukiona tope la majani peke yake, vyema. Ukiona mchanga wa kujaza kijiko cha chai, mpigie daktari siku hiyo hiyo. Ila chupa safi isikupumbaze, kwa sababu mchanga waweza kuwa tumboni na leo haukutoka. Rudia kila wiki.

Dawa ya jambo hili ni kuinua chakula kutoka mchangani: pipa lililopasuliwa nusu, kipande kikubwa cha raba, au sakafu ya saruji inayofagiwa. Usitandike jamvi. Nimeona likitandikwa, na nimeona likiliwa.

Chakula chenyewe hupimwa kwa uzito wa mnyama, na uzito hauhitaji mizani. Azima futi ya fundi cherehani. Pima kifua kwa kuzungusha nyuma ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha kifua kwa kifua, kisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Tuseme kifua ni sentimita 165 na urefu 150: unapata kama kilo 344. Nyasi kavu ziwe karibu asilimia 2 ya uzito huo kwa siku, yaani kilo 7 hivi. Robota la kilo 14 litakwenda siku mbili. Hesabu hiyo hiyo ndiyo ya dawa ya minyoo, ambayo wengi huipima kwa jicho na kuwapunja au kuwazidishia wanyama.

Ukibadilisha chakula, badilisha polepole kwa siku saba hadi kumi. Na hapa nataka niseme kwa ukali kidogo, kwa kuwa makosa haya hufanywa na watu wenye nia njema. Chakula cha kuku usimpe farasi hata kiganja. Baadhi yake kimechanganywa dawa za kuzuia kuhara damu kwa kuku, kama monensini, na dawa hizo huua moyo wa farasi. Mahindi yenye ukungu, hata yale ya "kupepeta tu na kuanika", yana sumu inayoweza kuyeyusha ubongo wake, punda pia. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi usimpake farasi ukidhani kupe ni kupe. Amitrazi husimamisha utumbo wake. Soma kibandiko, na kama kimechanika usitumie.

Joto ndilo adui linalodharauliwa kuliko yote. Farasi hupoa kwa jasho kukauka mwilini, na unyevu wa hewa yetu hauliachi likauke. Kazi iishe kabla ya saa tatu asubuhi, na ya jioni ianze baada ya saa kumi. Akirudi anahema, mpeleke kivulini penye upepo, mmwagie maji mwili mzima bila kukoma mpaka pumzi itulie. Wazee wengi wa mazizini hushikilia kwamba maji baridi humshtua farasi mwenye joto. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya Olimpiki ya Atlanta ya 1996, mji wenye joto na unyevu, ulionyesha kwamba kumpoza kwa maji baridi ni salama na kunafaa. Mwagia. Maji ya bahari nayo yanaweza kumpoza, lakini mwishowe msuuze kwa maji matamu, la sivyo chumvi itamkereketa chini ya tandiko.

Kuna farasi wengine ambao, baada ya muda katika hali ya hewa kama yetu, huacha kutoka jasho kabisa. Ngozi hukauka, pua zinapanuka, anahema kivulini na bado yu moto. Mwenyewe akikwambia "huyu mvivu," weka mkono kifuani na chini ya singa. Pakiwa pakavu ilhali wenzake wameloa, huyo ni mgonjwa. Wengi hupata nafuu kwa kupelekwa bara kwenye baridi, na mwenye farasi asiyetaka kusikia hilo hana haki ya kuendelea kumpandisha watu.

Kila siku jifunze vipimo vitatu akiwa amepumzika, ili uijue afya yake kabla hujaujua ugonjwa wake. Mapigo ya moyo ni 28 hadi 44 kwa dakika. Utayapata chini ya taya, upande wa ndani wa mfupa, penye mshipa unaoteleza kidoleni kama uzi mnene. Pumzi ni 8 hadi 16. Joto ni 37.5 hadi 38.5, kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa kilichofungwa uzi na kibanio cha nguo mkiani, kisije kikapotelea kusikotakikana. Akichimba chini kwa kwato, akitazama ubavu, akilala na kuinuka, tumbo linamuuma: ondoa chakula na mwite daktari. Usimnyweshe mafuta wala soda kwa chupa. Farasi hawezi kutapika, na ukimwinua kichwa kwa nguvu, kinywaji kitaingia mapafuni.

Sasa viatu. Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipoingia zizini na champali, kwa haraka, kumfungua farasi mpole kuliko wote. Alihamisha uzito wa mguu mmoja tu, wala hakukasirika. Ukucha wa dole gumba la mguu haukuota tena sawasawa. Basi vaa kiatu kigumu kilichofunika mguu, na helmeti ya kupandia farasi ukifika wakati huo. Ya bodaboda haikuundwa kwa kazi hii. Kamba usiizungushe mkononi. Usipige magoti wala kukaa chini karibu naye, chutama. Chanjo ya pepopunda iwe imekamilika, kwani vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na mavi ya wanyama hawa, na walioupa ugonjwa huo jina la punda huenda walishaona uhusiano.

Mkaribie ukitokea ubavuni, usawa wa bega, ukisema naye. Macho yake yako kando ya kichwa, hivyo haoni kilicho nyuma yake kabisa wala kilicho puani pake. Twasema fadhila za punda ni mateke, lakini niliowaona wakipigwa mateke karibu wote walikuwa wamemshtua mnyama kutoka nyuma. Ufuoni kuna jambo jingine: farasi mgeni akinusa ngamia kwa mara ya kwanza anaweza kukimbia na kila kilicho mgongoni. Mzoeshe kwa mbali, siku kadhaa, bila mpandaji. Tembeza kwenye mchanga mgumu uliolowa, maji yakipwa, maana mchanga mlaini wa juu huchosha kano za miguu.

Kwato zisafishwe kila siku, kabla na baada ya kazi. Simama begani ukitazama mkiani, telezesha mkono mguu mzima hadi chini, ngoja akupe mguu. Chokoa uchafu kwa chuma cha kusafishia kwato, kutoka kisigino kwenda mbele, usirudishe chuma upande wako. Katikati pana ile nyama ngumu ya pembetatu. Ikiwa nyeusi, laini na inanuka, banda lina maji, hasa masika. Fundi wa kwato aje kila wiki sita hadi nane, awe na viatu vya chuma au hana.

Kama huna farasi wa kujifunzia, usilie. Nenda kwa mwenye mkokoteni wa punda mtaani kwenu, umwombe akuache usafishe kwato na vidonda vya hatamu. Kazi ni ile ile. Tofauti kubwa ni kwamba punda huficha maumivu. Punda aliyeacha kula siku moja ni wa kukimbizwa kwa daktari, si wa kusubiriwa. Huko Lamu kuna hospitali ya punda iliyoanzishwa 1987, na wapo wahudumu waliojifunza wanyama wote wa jamii hii kwa kuanzia na hao.

Punda pia anahusika katika ugonjwa unaotutisha zaidi, homa ya farasi ya Afrika. Virusi vyake huenezwa na usubi. Punda na punda milia huweza kuvibeba bila kuugua sana, ilhali farasi wasio na kinga wanaweza kufa hadi tisa kati ya kumi. Hauna tiba. Dalili ni homa, povu puani, na yale mashimo juu ya macho kuvimba. Chanjo itolewe na daktari kabla ya mvua, kila mwaka. Farasi waingie ndani kabla ya magharibi na wasitoke mpaka jua lichomoze. Usubi haujui kuruka vizuri, hivyo feni ya kawaida ikivuma bandani inasaidia.

Kuhusu kazi, nisikudanganye: sekta hii Kenya ni ndogo. Pwani ni matembezi ya ufuoni. Mbio ziko Nairobi, katika uwanja wa Ngong uliofunguliwa 1954, na polo na mashamba ya kuzalisha farasi yako bara, Gilgil na kwingineko. Wanaoendesha yote hayo ni masaisi, yaani watunzaji wa farasi, watu wa kuamka usiku, na mshahara wao wengi haufanani na ujuzi wao. Fundi mzuri wa kwato ni adimu. Fundi wa ngozi anayeweza kushona tandiko bila kuacha uvimbe ndani hakosi wateja. Ukipenda tiba, shikilia Biolojia, uende AHITI, vyuo vya mafunzo ya afya ya mifugo, Kabete, Ndomba au Nyahururu, au usomee udaktari wa mifugo Kabete, Chuo Kikuu cha Nairobi.

Wazazi, Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13, na wa miaka 13 hadi 16 ni kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumtoa shuleni. Kumshikisha mtoto hatamu kutwa nzima juani kwa bakshishi za watalii si mafunzo.

Wewe kijana, ukienda kuomba nafasi, nenda saa kumi na mbili asubuhi kabla wateja hawajafika, umevaa viatu, na uombe fagio.