Una samaki ndani ya kitalu nyumba? Weka chini hilo bomba la dawa

Kila msimu wa baridi napokea simu ileile: "Bwana shamba, samaki wameelea." Ni kambale au perege waliokuwa wazima jana jioni, ndani ya kitalu nyumba cha nyanya, huku Njombe ambako mwezi wa Juni na Julai maji ya bwawa la nje hupoa mpaka samaki wanaacha kula. Kuchimba bwawa ndani ya kitalu silipingi. Nailoni inatunza joto, na maji ya samaki ni mbolea. Habari za chakula na vifaranga mnazijua, sitazirudia. Kinachowatia hasara ni bomba la dawa.

Mkulima anaona kantangaze, yule kiwavi anayetoboa nyanya, kwenye majani, anakimbilia duka la pembejeo, anarudi na kichupa, anapulizia. Bwawa liko hatua tatu tu kutoka mstari wa kwanza wa nyanya.

Tupige hesabu. Bwawa la mita 4 kwa 3, kina mita 1, lina lita 12,000. Lambda-sihalothrini, mojawapo ya dawa za kuua wadudu, ikifika mikrogramu 5 tu (miligramu 0.005) kwa lita huua samaki wengi, na wapo wanaokufa kwa chini ya hapo. Kwa bwawa zima hizo ni miligramu 60. Dawa yenye gramu 50 kwa lita ina miligramu 50 katika kila mililita. Kwa hiyo mililita 1.2, yaani robo ya kijiko cha chai, inatosha kukumalizia bwawa. Na wewe umetia mililita 20 kwenye bomba lako! Kibandikoni, jina la kiambata (kemikali yenyewe inayoua) likiishia na herufi t-h-r-i-n, dawa hiyo isivuke mlango wa kitalu chenye samaki. Abamektini nayo vivyo hivyo. Tena kantangaze wa sehemu nyingi wameshazizoea hizo dawa za t-h-r-i-n: samaki wanakufa, mdudu anadunda.

"Lakini bwana shamba, nilielekeza bomba upande wa pili." Ndani ya kitalu hakuna upande wa pili. Ukungu wa dawa hupanda na kushika nailoni ya paa. Usiku mvuke wa bwawa hugeuka matone palepale. Ingia saa 12 asubuhi utazame juu: matone yamejipanga kama shanga, moja linateleza, linameza jenzake, linadondoka bwawani na dawa yake.

Kantangaze mkabili kwa wavu usiotoboka, mlango wa mara mbili, mitego ya feromoni (harufu ya jike inayovuta madume), na kuchuma majani yenye michirizi kila baada ya siku 3 na kuyafukia. Ukilazimika kupulizia, tumia dawa ya Bt, yaani ya bakteria wanaoua viwavi, jioni, maana jua huiharibu.

Kuna wanaoapa kwamba hawawezi bila dawa kali. Haya, basi lifunikeni bwawa sawasawa. Turubai lisilo na tundu, lizidi ukingo kwa sentimita 50 kila upande, likae juu ya fito za mianzi (huku kwetu haikosekani) sentimita 30 kutoka kwenye maji. Msililaze juu ya maji! Kambale hupanda juu kuvuta hewa, na nimeona bwawa lililokufa kwa kukosa hewa bila tone la dawa kuingia. Pulizieni kabla ya saa 3 asubuhi, mapazia ya pembeni yakiwa wazi, na turubai libaki usiku mbili kwa ajili ya yale matone. Siku hizo msilishe.

Kufunua nako kuna kazi yake. Mkulima mmoja alifunika vizuri kabisa, kisha akalivuta turubai kama anayetandua kitanda. Dawa yote iliyotua juu yake ikamiminikia bwawani. Muwe wawili, kunjeni pembe zote kuelekea katikati, mlitoe nje likiwa kama bahasha.

Mkianza tena kulisha, samaki wakipanda kula na kumaliza chakula ndani ya dakika 15, mambo ni mazuri.

Wakianza kuzunguka ovyo au kulala ubavu, toa nusu ya maji papo hapo, uingize safi yenye joto linalokaribiana. Waliokufa wafukiwe, wasiliwe wala kuuzwa. Na bomba lisuuziwe nje, mita 10 au zaidi kutoka bwawani, upande wa bondeni, kwa ndoo ambayo haichotei maji ya samaki.