Kuwafuata Ajikan mpaka Japani: tiketi ya shoo kwanza, ndege baadaye

Hii naiandika kwa wale wanaoipenda bendi ya roki ya Kijapani ASIAN KUNG-FU GENERATION kwa moyo wote, wanaowaita Ajikan kama wanavyoitwa kwao, na wana hamu ya kuwaona laivu huko huko nyumbani kwao. Najua wengi wetu huku tuliingilia kwenye anime, yaani katuni za Kijapani, wimbo wa pili wa kufungulia Naruto, halafu Bleach, halafu Fullmetal Alchemist, mara unajikuta una albamu zote kwenye simu na maneno ya Kijapani unayaimba bila kuyaelewa yote. Bendi ilianzia chuo cha Kanto Gakuin kule Yokohama mwaka 1996, na mpaka leo ni wale wale wanne, Gotoh anaimba na kupiga gita, Kita gita, Yamada besi, Ijichi dramu. Kwa bendi ya namna hiyo kufunga safari ya kutoka Dar au Nairobi ni halali kabisa, ila kuna mpangilio wake na watu wengi wanaugeuza.

Wanavyougeuza ni hivi: ratiba ya ziara ikitoka tu mtu anakimbilia nauli, anabuku hoteli, anaomba likizo kazini, halafu ndo anaanza kutafuta tiketi ya shoo. Usifanye hivyo. Japani tiketi za bendi kubwa kwa kawaida haziendi kwa aliyewahi, zinaenda kwa bahati nasibu, wenyewe wanaita chusen, unajaza fomu, unachagua mji na tarehe, unasubiri siku kadhaa, imeili inakuja kukwambia umepata au umekosa, na ukipata unapewa siku chache tu za kulipia, zikipita nafasi imekwenda. Inafanyika kwa awamu. Ya kwanza ni ya wanachama wa fan klabu na hapo ndo uwezekano ni mkubwa, inafuata ya tovuti ya bendi, kisha za kampuni za tiketi zenyewe, yaani e+, Ticket Pia na Lawson Ticket, na kinachobaki mwishoni ndo kinauzwa kwa yeyote, mara nyingi Jumamosi saa 10:00 ya kule.

Na hapo kwenye saa kuna kitu kizuri sana kwetu sisi wa Afrika Mashariki. Japani iko mbele yetu kwa masaa 6, na saa zetu za Kiswahili zinapishana na za kizungu kwa 6 vilevile, kwa hiyo ukiwa Dar, Nairobi au Kampala namba iliyoandikwa kwenye tangazo la Kijapani ndo saa yako ya Kiswahili moja kwa moja, huna haja ya kupiga hesabu. 10:00 ni saa kumi, ya alfajiri. 12:00 ni saa kumi na mbili asubuhi. Ikizidi 12 toa 12, 18:00 ni saa sita mchana huku. Kwa hiyo ukisikia mauzo ya mwisho ni Jumamosi 10:00 weka alamu ya saa tisa na nusu usiku, chaji simu, washa jenereta kama umeme wa mtaani kwenu hauaminiki, ukae tayari.

Tatizo kubwa sio saa, ni namba ya simu. Akaunti nyingi za tiketi za Kijapani zinataka namba ya simu ya Japani ya kuthibitisha, na hizo laini za eSIM wanazouziwa watalii nyingi ni za data tu, hazina namba. Kadi za benki za nje nazo mara zinapita mara zinagoma. Njia ni tatu. Kwanza angalia kama ziara hiyo imefunguliwa pia kwa watu wa nje, e+ wana ukurasa wao wa Kiingereza kwa ajili ya wageni, hapo hawakuombi namba ya Japani, na hapo hata kadi ya Visa ya mtandaoni ya M-Pesa inafaa kujaribu. Pili, mtu wako aliyeko kule. Na usiseme huna mtu, ulizia vizuri. Kuna Wabongo na Wakenya wanasoma kule kwa skolashipu ya serikali ya Japani au kwa ule mpango wa Japani wa kusomesha vijana wa Afrika, ABE Initiative, na kuna wale wa biashara ya magari, hizi gari tunazoendesha huku nyingi zinapakiwa bandarini Yokohama na Nagoya, kwa hiyo ukiuliza kwa ndugu na marafiki atapatikana mtu aliyeko kule. Ukimpata, muombe aombe tiketi mbili kwa akaunti yake aje na wewe, sio akuombee moja ya kwako, kwa sababu shoo nyingi siku hizi zinakagua jina la aliyeomba, na anayesindikizwa lazima aingie pamoja naye. Mlipie tiketi yake, mpe chakula cha jioni, ni gharama ya haki.

Njia ya tatu ni mfumo rasmi wa kuuziana tena, kampuni za tiketi zenyewe zinao, mtu aliyepata dharura anarudisha na wewe unanunua kwa bei ile ile. Kwenye mitandao utakuta watu wanauza mara tatu ya bei, achana nao kabisa. Tangu Juni 2019 Japani ina sheria ya kuzuia kulangua tiketi, adhabu inafika kifungo cha mwaka 1 au faini ya yen milioni 1 au vyote viwili, na wewe uliyenunua ukikutwa jina halifanani unaweza kurudishwa mlangoni baada ya kusafiri nusu ya dunia.

Kuchagua shoo gani nako ni akili. Mimi nashauri ziara za Zepp kuliko arena. Zepp ni kumbi za kusimama, zipo Sapporo, Tokyo, Yokohama, Nagoya, Osaka na Fukuoka, zile kubwa zinabeba watu kama 2,000 hadi 3,000 hivi, yaani unamwona Ijichi anavyogeuza mikono kwenye matoazi kwa macho yako, sio kwenye skrini. Halafu ziara ya hivyo ina tarehe nyingi, unaweza kuomba miji miwili mitatu ndani ya wiki mbili zako. Omba za katikati ya wiki na za mbali na Tokyo, Sapporo au Fukuoka Jumanne jioni haigombaniwi kama Tokyo Jumamosi.

Ukishapata tiketi ndo unaenda kwenye viza. Pasipoti zetu za kawaida za Tanzania, Kenya na Uganda zote zinahitaji viza, unaomba ubalozi wa Japani kabla ya kuondoka. Wanataka fomu, picha, barua ya kazi au usajili wa biashara, taarifa ya benki, buking ya ndege, na ratiba ya siku kwa siku ya utakapolala na utakachofanya. Hiyo ratiba wengi wanaijaza juujuu, wewe iandike kweli: tarehe fulani nalala hoteli hii, jioni naenda shoo ukumbi huu, kesho yake treni kwenda mji ule, na ambatisha uthibitisho wa tiketi ya shoo. Safari inayoeleweka inasomeka vizuri. Buking isiwe ya kulipia kabla viza haijatoka. Ndege ya moja kwa moja hamna, utapita Addis Ababa kisha Seoul na Ethiopian, au Dubai au Doha, na beba kadi ya homa ya manjano kwa ajili ya kurudi. Fika angalau siku mbili kabla ya shoo, masaa 6 ya tofauti yanauma, na kusimama masaa matatu huku mwili unafuata saa za nyumbani sio raha.

Sasa siku yenyewe. Shoo za kule zinaanza mapema, 18:00 au 19:00, wikiendi hata 17:00, na wanaanza kweli. Bidhaa za bendi zinauzwa nje masaa kadhaa kabla ya milango kufunguliwa, tisheti ni kama yen 4,000, taulo rahisi zaidi. Michoro ni ya Yusuke Nakamura, yule yule anayechora makava ya albamu zao. Size zao ni ndogo, kama huku unavaa L chukua XL, na XL ndo zinawahi kuisha kwa hiyo usichelewe. Kisha begi na jaketi vyote unaviweka kwenye loka za sarafu, beba sarafu za yen 100 za kutosha, unabaki na tisheti, taulo shingoni, simu na pesa ya kinywaji.

Hapa ndo nataka usome taratibu. Tiketi ya kusimama ina namba ya kuingilia, mfano A 347. Hiyo sio kiti, ni zamu yako. Kabla ya milango watu wote wanakusanyika nje, wafanyakazi wanaita namba kwa kipaza sauti kwa Kijapani, kumi kumi, A yote ikiisha ndo inaanza B. Hakuna anayesukuma, watu wanasimama kimya wanaonyeshana tiketi kwa upole, samahani wewe ni ya ngapi, mimi ni 346, basi niko nyuma yako. Zamu ikipita umeshapoteza nafasi yako, utaingia tu lakini nyuma ya waliokwisha kuingia. Kwa hiyo jifunze namba zako kwa Kijapani kabla hujapanda ndege, 347 ni sanbyaku yonjuu nana, irudierudie mpaka ukiisikia kwenye makelele sikio linashtuka lenyewe. Ukizidiwa muonyeshe mfanyakazi skrini ya simu, atakuelekeza. Mlangoni unalipa kinywaji, yen 500 au 600, ni lazima kwa kila mtu hata kama hunywi, unapewa tokeni ya kubadilisha ndani. Chukua maji ya chupa baada ya shoo, kabla yake usipoteze muda, nenda moja kwa moja mbele.

Ndani sakafu ina vyuma vya kuegemea. Ukiwa na namba ya mbele shika chuma, ukiwa na ya nyuma kimbilia chuma cha pili, ni bora kuliko katikati ambako mtu mrefu anaweza kukuziba. Na kama wewe ndo mrefu, kaa pembeni au nyuma, ni heshima, watu wataishukuru roho yako. Simu mfukoni, kupiga picha na kurekodi ni marufuku isipokuwa bendi yenyewe iseme. Wimbo ukianza mikono juu, kuruka ruksa, ila Gotoh akianza kuongea ukumbi mzima unanyamaza kumsikiliza, usipige kelele hapo. Bendi ikitoka jukwaani usiondoke, watu wanapiga makofi kwa mdundo mmoja mpaka warudi, wewe jiunge.

Na siku moja ya safari iache kwa ajili ya Enoden. Ni treni ndogo ya kilomita 10 na stesheni 15 kutoka Fujisawa mpaka Kamakura, Ajikan walitoa albamu ya Surf Bungaku Kamakura mwaka 2008 wakazipa nyimbo majina ya stesheni zake, na 2023 wakairekodi upya wakakamilisha zote 15. Anzia Fujisawa asubuhi siku ya kazi, wikiendi inajaa sana, kaa upande wa kulia maana bahari iko huko, weka albamu ya 2023 masikioni na ushuke pale wimbo unapokushika, ukikata tiketi ya siku nzima unapanda na kushuka upendavyo. Baada ya stesheni ya Koshigoe bahari inafunguka yote. Kutoka Kamakura unachukua Yokosuka Line, dakika kama 25 uko stesheni ya Yokohama na ukumbi wa KT Zepp ni mwendo wa mguu tu kutoka hapo, kwa hiyo kama tiketi yako ni ya Yokohama fanya Enoden asubuhi ya siku hiyo hiyo, uwe kwenye foleni ya tisheti kabla XL hazijaisha.