Jinsi ya Kufuatilia Uenezi wa Kifua Kikuu kwa Kupima Vinasaba vya Vimelea

Wagonjwa wawili wa kifua kikuu wanaweza kuhudhuria kliniki moja na kuishi katika nyumba zinazotazamana, na bado kila mmoja akawa ameambukizwa kwingine kabisa. Hadubini haiwezi kuamua jambo hilo, kwa kuwa inaonyesha tu kwamba bakteria wamo katika makohozi. Kinachosaidia ni vinasaba vya bakteria wenyewe: vimelea vilivyotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine siku za karibuni hufanana mno, ilhali vya watu wasiohusiana kwa kawaida hutofautiana.

Anza na sampuli, kwani kosa la hapa halirekebishiki baadaye. Vipimo vingi vya aina hii huhitaji vimelea vilivyooteshwa, kazi inayochukua wiki kadhaa, kwa hiyo panga mapema na maabara itunze vimelea vya kila mgonjwa, si vya wachache waliochaguliwa. Mgonjwa mmoja akikosekana katikati ya mnyororo, wale wa pande zake mbili huweza kuonekana kama hawahusiani. Kusanya kwa muda usiopungua miaka 2, kwa sababu wengi wa wanaougua baada ya kuambukizwa huugua ndani ya kipindi hicho, ingawa wapo ambao vimelea huamka baada ya miongo. Kwa kila sampuli andika tarehe 3: dalili zilipoanza, makohozi yalipotolewa, na sampuli ilipofanyiwa kazi maabara. Hii ya mwisho wengi huiacha, nayo itahitajika hapa chini.

Kisha chagua kipimo. Kile cha IS6110, kilichosanifishwa mwaka 1993, hulinganisha idadi na mahali pa nakala za kipande kimoja cha vinasaba. Nakala zikiwa pungufu ya 6, majibu yake hayaaminiki. Spoligotaipingi huangalia kama vipande 43 vya vinasaba vipo au havipo, ni nafuu na ya haraka, lakini ikitumika peke yake hupotosha: vimelea vya ukoo wa Beijing kwa kawaida hukosa vipande 1 hadi 34 vyote, hivyo watu wasiowahi kukutana hupata jibu moja. MIRU-VNTR huhesabu marudio ya vinasaba katika sehemu 24, na jibu lake ni mfululizo wa tarakimu ambao maabara mbili zilizo mbali huweza kuulinganisha moja kwa moja. Kinachopita vyote ni kusoma jenomu nzima, yaani vinasaba vyote vya bakteria, yenye herufi (viungo vidogo vya vinasaba) takriban milioni 4.4. Bakteria hawa hubadilika polepole, wastani wa kama herufi 1 kwa miaka 2 au 3, kwa hiyo tofauti isiyozidi herufi 5 huashiria uambukizo wa karibuni, na inayozidi 12 huuondoa kwa kiasi kikubwa. Uwezo ukiwepo, nashauri jenomu bila kusita, maana huonyesha pia mabadiliko yanayoleta usugu wa dawa. Usipokuwepo, tumia MIRU-VNTR ya sehemu 24 pamoja na spoligotaipingi.

Majibu yakirudi, usikimbilie kuchora mnyororo. Chukua kila kundi la vimelea vinavyofanana ulitazame kwa tarehe za maabara. Tuseme sampuli 3 zinafanana, zote zilishughulikiwa asubuhi moja, na mmoja wa wagonjwa hao hakuonekana na bakteria kwa hadubini, vimelea viliota katika sampuli yake mara 1 tu, wala daktari wake hakuridhika kwamba ana kifua kikuu. Hapo shuku kwanza kwamba vimelea vilihama kutoka chupa hadi chupa, na umjulishe daktari siku hiyohiyo, kwa sababu kuna mtu anayemeza dawa kwa miezi bila kuzihitaji.

Makundi yaliyobaki hukupa makadirio ya uambukizo wa karibuni: toa idadi ya makundi kutoka idadi ya wagonjwa waliomo, kisha gawanya kwa wagonjwa wote waliopimwa. Wagonjwa 60 katika makundi 20, kati ya 200, ni 40 kwa 200, yaani asilimia 20. Tunatoa mmoja kwa kila kundi kwa kudhani kwamba ndiye chanzo.

Sasa rudi kwa wagonjwa. Katika utafiti wa San Francisco uliochapishwa mwaka 1994, wagonjwa 191 kati ya 473 walionekana kuugua kutokana na maambukizo ya karibuni, lakini ufuatiliaji wa kawaida ulibaini uhusiano kwa asilimia 10 tu yao. Kwa hiyo katika mahojiano ya pili usiulize majina pekee. Uliza mahali: alilala wapi, alinywea wapi, alisafiri na chombo gani, aliabudu wapi. Vinasaba vikitofautiana sana, uhusiano uliodhaniwa ufute. Vikifanana, una dai linalohitaji ushahidi wa mahali na wakati, na mfanano wenyewe hausemi nani alimwambukiza nani. Hata aliyeanza kuumwa mapema si lazima awe chanzo. Kwa sababu hiyo, usimtajie mgonjwa yeyote jina la mwenzake wa kundi, na katika taarifa andika namba za sampuli tu.