Kuvua sangara kwa mshipi Ziwa Victoria

Sangara mkubwa anataka chambo hai, usijisumbue na vipande vya nyama. Furu, wale visamaki vya ziwani, wanafaa ila wanakufa haraka, mi napenda kambare wadogo coz wanakaa hai muda mrefu kwenye ndoano. Mtoboe mgongoni juu juu tu, ukigusa uti wa mgongo keshakufa huyo.

Sehemu ni kwenye miamba, pale mawe yanapoingia maji ya kina, na Mwanza mawe yapo kibao, nenda alfajiri au jua likizama. Akigonga usivute kwa papara, mpe kamba kidogo ameze kisha kaza, halafu jiandae maana ataruka juu anatikisa kichwa na hapo ndo wengi wanampoteza, kamba ikilegea tu kaitema ndoano. Mwisho wa mshipi weka kipande kinene zaidi, mfuniko wa matamvua yake unakata kama wembe, na vidole pia, kwa hiyo ukimtoa mshike mdomo wa chini.

Chini ya sentimita 50 mrudishe majini, ndo sheria. Na bondo, kile kifuko cha hewa tumboni mwake, usitupe jamani, hiyo ni hela!