Kuunganisha Fanksheni Mbili: Ya Ndani Hutangulia

Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne ninaowafundisha hapa Jinja hujumlisha na kutoa fanksheni, yaani kanuni zinazopokea namba na kurudisha jibu moja, bila taabu kubwa, lakini wakikutana na f(g(x)) wengi wao huzidisha f kwa g, kisha huendelea na swali wakiwa na hakika kwamba wamepatia. Siwalaumu, kwa sababu tangu shule ya msingi tumewafundisha kwamba namba iliyosimama kando ya mabano huzidishwa na kilichomo ndani, na sasa mabano yaleyale yanabeba maana nyingine ambayo mara nyingi hatuwaelezi vya kutosha.

Katika somo hili tutatumia f(x) = 2x + 3 na g(x) = x² − 1.

Hatua ya kwanza: matendo manne ya kawaida

Jumla ni x² + 2x + 2, na zao ni (2x + 3)(x² − 1), yaani 2x³ + 3x² − 2x − 3. Katika kutoa, iweke g yote ndani ya mabano kabla ya kufanya lolote: 2x + 3 − (x² − 1) = −x² + 2x + 4. Asiyeweka mabano hupata 2 mahali pa 4. Katika kugawanya, namba ya chini haiwezi kuwa sifuri, kwa hiyo (2x + 3)/(x² − 1) haina jibu pale x inapokuwa 1 au −1, na jambo hilo liandikwe kando ya jibu.

Hatua ya pili: kuingiza fanksheni moja ndani ya nyingine

Mkulima wa Masaka hupeleka kiboko, yaani kahawa kavu yenye maganda, kwenye mashine ya kukoboa, na kinachotoka huko ndicho kinachopanda kwenye mizani ya mnunuzi na kugeuka kuwa shilingi. Kazi mbili zimefuatana, na tokeo la ile ya kwanza ndilo lililoingia katika ya pili. Hiyo ndiyo maana ya f(g(x)): g hufanya kazi kwanza, kisha f hupokea kilichotoka, ingawa jicho linaposoma kutoka kushoto hukutana na f mapema.

Ninawaomba wanafunzi wangu wachukue penseli na kuandika f bila x, wakiacha nafasi tupu: f(   ) = 2(   ) + 3. Kisha waijaze nafasi hiyo kwa g nzima, pamoja na mabano yake:

f(g(x)) = 2(x² − 1) + 3 = 2x² + 1

Tukigeuza mpangilio:

g(f(x)) = (2x + 3)² − 1 = 4x² + 12x + 8

Hakiki kwa namba. Chukua x = 2: g(2) = 3, na f(3) = 9. Kwa upande mwingine, f(2) = 7, na g(7) = 48. Zao la f(2) na g(2) ni 21. Majibu ni matatu tofauti kabisa, na uhakiki huu wa nusu dakika ungeokoa alama nyingi zinazopotea kila mwaka.

Hatua ya tatu: angalia namba zinazoruhusiwa kuingia kabla ya kurahisisha

Hapa hata wanafunzi hodari hujikwaa. Chukua h(x) = √(x − 3) na k(x) = x² + 1. Tukiingiza h ndani ya k tunapata (√(x − 3))² + 1, ambayo hurahisishwa kuwa x − 2. Ukiitazama x − 2 peke yake utadhani inapokea namba yoyote, lakini x = 0 isingeweza kupita kwenye h, kwa kuwa √(−3) si namba halisi. Jibu kamili ni x − 2, ambapo x ni 3 au zaidi.

Maswali ya wasomaji

Mwanafunzi, Mbale: Mwalimu, karatasi yetu iliandika fg(x) bila mabano ya ndani. Je, tuzidishe?

Hapana, mwanangu. Katika mitihani yetu, inayofuata desturi ya Uingereza, fg(x) humaanisha f(g(x)). Baadhi ya vitabu vya Marekani hutumia (fg)(x) kwa zao, kwa hiyo anayejisomea mtandaoni aangalie kwanza kitabu chake kinasemaje.

Mzazi, Mukono: Mwalimu, binti yangu amepewa g(x) = x + 2 na fg(x) = 3x + 1, naye anatakiwa kutafuta f. Aanzie wapi?

Mzazi mwenzangu, akiite kinachotoka kwenye g kwa herufi mpya: u = x + 2, hivyo x = u − 2. Basi f(u) = 3(u − 2) + 1 = 3u − 5, yaani f(x) = 3x − 5. Ahakiki kwa kuingiza x + 2 katika jibu hilo: atapata 3x + 1.

Mwenye duka, Kampala: Bidhaa ya shilingi 100,000 nikiipunguzia 10,000 kisha nikaongeza VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18, sipati jibu lile la kuanza na VAT. Nimekosea?

Hukukosea, ndugu. Ukianza na punguzo, 90,000 × 1.18 ni 106,200; ukianza na VAT, 118,000 − 10,000 ni 108,000. Tofauti ya 1,800 ni asilimia 18 ya zile 10,000, ambazo katika njia ya pili zilitozwa kodi kabla ya kuondolewa. Lakini punguzo lingekuwa la asilimia 10, fanksheni zote mbili zingekuwa za kuzidisha tu, moja kwa 0.9 na nyingine kwa 1.18, na kwa mpangilio wowote ungefikia 106,200.