Kumbukumbu ya mashujaa kijijini kwenu: anzeni na majina

Kikundi kinachokutana mara moja kwa mwaka kuweka shada la maua, kupiga picha na kutawanyika hakidumu. Mimi ni katibu wa kikundi cha urithi hapa Songea, na haya nawaandikia wanaotaka kuanzisha cha kwao, wawe Kilwa, Liwale, Mahenge au Kagera. Sisi Songea tumejaliwa. Tuna Makumbusho ya Majimaji, tuna kaburi la pamoja, tuna tarehe inayojulikana: 27 Februari 1906, siku Wajerumani walipowanyonga viongozi wa Wangoni, Nkosi Mputa Gama akiwa mmoja wao. Vijiji vingi vilivyopigana Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, 1905 hadi 1907, havina hata kibao. Huko ndiko kazi iliko.

Kabla ya kuchangisha hata shilingi, kusanyeni majina. Nendeni kwa wazee asubuhi, mkiongozana na mtu wa ukoo huo. Amkieni, kaeni, elezeni mmetumwa na nani. Simu ya kurekodi ibaki mfukoni mpaka mwenye nyumba aridhie. Halafu ulizeni swali linalojibika. Ukimwambia mzee "tueleze historia ya Majimaji," atakupa yale aliyoyasikia redioni, kwa sababu anadhani ndiyo unayoyataka. Ukimuuliza "Babu, mji wa babu yako ulikuwa upande gani wa mto?" atanyanyuka akuonyeshe.

Swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: "Walikula nini mwaka ule?" Wajerumani walichoma maghala na mashamba, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Ukiuliza habari za vita unatajiwa wanaume. Ukiuliza habari za chakula wanatokea wanawake: aliyechimba mizizi porini, aliyeficha mbegu, aliyezika watoto wake peke yake. Mkomanile, mwanamke kiongozi wa Wangoni, tunamjua kwa sababu naye alinyongwa pamoja na wakuu. Wengine wako vinywani mwa wajukuu tu, na wajukuu hao sasa ni wazee.

Kila jina liandikeni pamoja na mambo matatu: familia inavyolitamka, nani amelisema, na tarehe aliyolisema. Koo mbili zikitofautiana, andikeni maelezo ya zote mbili. Kikundi si baraza la kuamua nani alikuwa shujaa zaidi, na kikijifanya hivyo ukoo mmoja utajitoa na hautarudi.

Makaburi yanataka tahadhari. Ulizeni kwanza ni ya nani. Makaburi ya askari wa vita kuu mbili yaliyo chini ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yana watunzaji wake, msiyaguse. Eneo lililo chini ya Idara ya Mambo ya Kale linahitaji barua kwao. Kaburi la ukoo ni la ukoo. Mwenye neno ni mkubwa wa familia, hata kama anaishi mkoa mwingine.

Mkisharuhusiwa, ng'oeni majani kwa mkono kuzunguka jiwe, maana fyekeo likiteleza linamega ukingo. Jiwe lenyewe lisafisheni kwa maji matupu na brashi laini. Lilowesheni vizuri, kisha sugueni kuanzia chini kwenda juu, ili maji machafu yasiache michirizi kwenye sehemu kavu. Ukoga uliong'ang'ania ulowe mpaka ulainike, halafu uutoe kwa kijiti cha mti. Dawa ya kufulia nguo nyeupe, brashi ya waya na msasa ni marufuku. Nimeona jiwe lililong'arishwa kwa brashi ya waya: lilipendeza kwa sherehe moja, na sasa herufi zake hazisomeki. Tena msipake rangi herufi zilizofifia. Nendeni jua linapochomoza, au mulikeni tochi kutoka ubavuni. Vivuli vitajaa kwenye michongo na jina litajitokeza. Pigeni picha hapo hapo.

Vibali vina utaratibu wake. Afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri atawaeleza namna ya kusajili kikundi. Mtahitaji katiba, muhtasari wa kikao na majina ya wanachama. Serikali ya kijiji ijue mapema, na polisi wapate taarifa ya maandishi saa 48 kabla ya mkusanyiko, au mapema zaidi.

Sasa huduma, ambayo vikundi vingi huiacha ya mwisho. Shujaa hakuishia mwaka 1907. Karibu kila wilaya ina mzee aliyepigana Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, au mjane wa aliyezikwa Kaboya, kwenye makaburi ya wanajeshi wa vita hivyo mkoani Kagera. Watafuteni kabla ya Siku ya Mashujaa, 25 Julai, na msiende na keki. Nendeni na fundi wa bati, na kijana anayejua kujaza fomu. Kinachowasumbua wengi ni karatasi: jina la kwenye cheti haliendani na la kwenye kitambulisho, na ofisi iko mbali. Mwanachama mmoja mwenye subira, akimsindikiza mjane mmoja mpaka faili lake likamilike, amefanya kumbukumbu kubwa kuliko gwaride. Baada ya hapo chagueni kazi moja ya kila mwezi muiweze: kuchangia damu, kusafisha kisima, kuwasomea watoto wa shule majina mliyoyakusanya. Moja inatosha.

Siku yenyewe iwe fupi, na ianze asubuhi kabla jua halijawa kali, wazee wakiwa wamekaa kivulini kwenye viti, si kwenye benchi la nyuma ya viongozi. Kitaifa huwekwa mkuki na ngao, sime, upinde na mshale, shoka na shada la maua. Kijijini azimeni silaha halisi za ukoo ikiwa mwenyewe ataridhia, na zirudi kwake jioni ile ile. Wimbo wa taifa, dua za dini zote zilizopo, kisha majina.

Majina wasome vijana, na wafanye mazoezi mbele ya familia husika. Kijana akikosea jina la babu wa mtu, yule aliyekuja kwa miguu toka kijiji cha pili anasikia kwamba hamkumjali. Kila jina lipewe nafasi ya pumzi moja. Hotuba ya mgeni rasmi ije baada ya majina, wala isitangulie, na mumwombe dakika kumi kwa barua, kwa adabu. Nimeona wengi wakikubali wakiombwa mapema. Lizombe au ngoma ya kwenu ifunge shughuli.

Kabla ya wiki kuisha, kaeni kikao. Mweka hazina asome kila risiti kwa sauti, ya maturubai na ya sukari pia, na daftari libandikwe ofisi ya kijiji. Majina mapya yaliyotajwa siku ile, kwa sababu lazima yatatajwa, yaingie kwenye orodha pamoja na aliyeyasema. Kisha pangeni nani anakwenda kumtembelea nani mwezi ujao.